Saa ya mazoezi: kioo kisomeke juani na chaji ikae. Ununue ipi?

Mkimbiaji huitazama saa yake kwa nusu sekunde hivi. Mkono unatikisika, jasho limeingia machoni, jua liko utosini, na anachotaka ni namba moja tu: mwendo wa kilomita hii. Ikimbidi apunguze kasi au auzungushe mkono mara mbili ndipo aione, saa hiyo imeshindwa kazi aliyoinunulia, hata iwe na ramani na muziki. Na ikimzimikia kilomita ya 35, uzuri wa kioo chake haumfai kitu.

Mambo haya mawili huvutana, kwa sababu kioo na GPS ndivyo vinavyokula betri kuliko vyote. Tumezipanga saa hapa kwa namna zinavyoumaliza mvutano huo, tukimfikiria mtu anayekimbia au kuendesha baiskeli katika jua la ikweta. Bei tunazotaja ni za dola wakati saa zilipoingia sokoni. Bei ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, itakuwa tofauti, lakini uwiano kati ya saa na saa haubadiliki sana.

Vioo viwili, tabia mbili

Aina ya kwanza huitwa MIP. Kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ina kumbukumbu yake ndogo, kwa hiyo picha ikishachorwa hubaki palepale kwa umeme kidogo sana. Nyuma yake kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndiyo maana jua lenyewe huwa taa ya kioo: likizidi kuwaka, namba zinazidi kuonekana. Upungufu wake unauona dukani, chini ya taa hafifu. Rangi zinaonekana zimepauka, na wengi huirudisha kabatini hapohapo bila kuitoa nje. Kabla hujaamua, mwombe muuzaji utoke nayo mpaka mlangoni penye jua. Ni saa ileile, lakini utadhani umepewa nyingine.

Aina ya pili ni AMOLED. Hapa kila pikseli huwaka yenyewe, na nyeusi ni pikseli iliyozimwa kabisa. Herufi ni kali, na gizani hakuna kinachoishinda. Tatizo ni kwamba jua kali la mchana hufikia laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) 100,000 hivi, na kioo hiki hakina njia ila kushindana nalo kwa kuwaka zaidi. Zile niti, kipimo cha mng'ao wa kioo, zinazoandikwa kwenye tangazo (2,000 kwa Amazfit Active 2, 3,000 kwa Apple Watch Ultra 2) ni kilele ambacho saa hupanda ikiona jua, kisha hushuka. Maneno ya kwamba AMOLED haisomeki juani yamepitwa na wakati. Inasomeka, ila unailipia kwa chaji.

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya Ulaya huliruka kwa sababu haliwahusu. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi katika miji mingi, na wakimbiaji wengi hutoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa joto na magari. Nusu ya kwanza ya mazoezi ni giza, nusu ya pili ni jua. Mwenye MIP atahitaji taa ya kioo mwanzoni, na mwenye AMOLED atahitaji mwangaza wa juu mwishoni. Kwa hiyo usichague kwa jua peke yake.

Fanya hesabu ya wiki yako

Namba iliyo kwenye boksi, “siku 11” au “siku 14”, humhusu mtu asiyekimbia sana. Ibadilishe iwe asilimia. Tuchukue Garmin Forerunner 165, yenye kioo cha AMOLED cha inchi 1.2. Imeandikwa siku 11 kioo kikizima na kuamka mkono unapoinuliwa, siku 4 kikiwaka muda wote, na saa 19 za GPS. Maana yake ni asilimia 9 kwa siku kikizima, asilimia 25 kwa siku kikiwaka daima, na asilimia 5 na kidogo kwa kila saa ya kukimbia. Anayekimbia saa 5 kwa wiki atatumia asilimia 63 za siku na 26 za mbio, jumla 89: chaji moja kwa wiki. Akiacha kioo kiwake usiku na mchana, anafika 200 na kuipita, yaani kuchaji mara mbili na zaidi.

Mtu huyohuyo akivaa Forerunner 255, yenye MIP, siku 14 na saa 30 za GPS, atatumia asilimia 50 za siku na 17 za mbio, jumla 67, na kioo hakijazimwa hata dakika moja. Lakini akiwasha GPS ya masafa mawili, yaani inayopokea mawimbi ya aina mbili kutoka satelaiti ili isikosee njia, zile saa 30 zinakuwa 16, na wiki yake inapanda hadi 81. Wengi huilaumu AMOLED kwa chaji ambayo kwa kweli imeliwa na GPS. Masafa mawili yanafaa katikati ya maghorofa au kwenye msitu mnene. Barabara ya wazi haiyahitaji.

Tulivyozipanga

Ya kwanza ni Coros Pace 3 (2023, dola 229). Kioo ni MIP cha inchi 1.2, na saa yenyewe ina gramu 30 pamoja na mkanda wake wa kitambaa, wepesi unaosahau kuwa umeivaa. GPS ya kawaida hudumu saa 38. Masafa mawili huishusha hadi 15. Tumeiweka juu kwa sababu kwa pesa hiyo inasomeka saa sita mchana bila kuwasha chochote, na mtu wa mazoezi ya kawaida anasahau waya wa chaji kwa siku nyingi. Alfajiri ndipo inapopungukiwa: washa ile hali ya usiku inayoacha taa hafifu ikiwaka wakati wa mazoezi, maana kutegemea kuinua mkono gizani kutakuchosha. Umbo lake ni la plastiki, na anayetaka saa ya kuvaa pia harusini hataipenda. Forerunner 255 iko ngazi hiyohiyo, ina vitufe vitano na kioo kipana kidogo, ila ilitoka kwa dola 349.99. Ukiipata imeshuka bei, kati ya hizo mbili chagua hiyo kama hupendi kugusa kioo kwa vidole vya jasho.

Ya pili ni Forerunner 165 (2024, dola 249.99), tuliyoipigia hesabu. Kwa mtu anayekimbia alfajiri tu, na hasa aliyevuka miaka 45 na namba ndogo zimeanza kumpiga chenga, hii ndiyo ya kwanza kwake. Ukali wa herufi gizani na ndani ya nyumba ndio nguvu yake. Mwenye uwezo zaidi atazame Coros Pace Pro: AMOLED ya inchi 1.3, niti 1,500, saa 38 za GPS, siku 20 za kawaida na siku 6 kioo kikiwaka daima. Hiyo imeusogeza mvutano huu karibu na mwisho wake.

Jambo ambalo wanunuzi hulikosea hapa: kubwa si lazima ikae zaidi. Forerunner 265 ya kawaida ina saa 20 za GPS, ilhali ndogo yake, 265S, ina saa 24. Kioo kidogo kina pikseli chache za kuwasha. Mwenye mkono mwembamba asishawishiwe na muuzaji kuchukua kubwa “kwa ajili ya chaji”.

Ya tatu, Garmin Instinct 2 (2022, dola 349.99). Nyeusi na nyeupe tu, pikseli 176 kwa 176, haina picha ya kumvutia mtu, lakini hukaa siku 28 na juani ni kama gazeti. Mkulima, askari wa wanyamapori, mwendesha baiskeli wa safari ndefu: hao tunawapa hii bila kusita. Mkimbiaji wa uwanjani ataona gramu 52 ni nyingi.

Amazfit Active 2 (dola 99.99) ni ya nne, na imeingia hapa kwa sababu ya bei yake. GPS iko ndani, kioo kinang’aa vizuri, siku 10 za matumizi ya kawaida. Haifiki zilizotangulia kwa kuwa mazoezini unategemea sana kugusa kioo, na tone la jasho nalo hugusa: ukurasa unageuka wenyewe. Ifunge kioo kabla ya kuanza.

Ya mwisho katika mpango huu ni Apple Watch Ultra 2 (2023, dola 799), na si kwa ubaya wa kioo. Kioo chake ni bora kuliko vyote tulivyotaja. Lakini ni saa 36 za matumizi, yaani kuichaji kila siku au kila baada ya siku moja, na huwezi kuianzisha bila iPhone. Kampuni yenyewe inasema betri zake zimeundwa kubaki na hadi asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 1,000 kamili ya chaji. Saa ya wiki mbili huizunguka betri yake mara 26 kwa mwaka. Ya saa 36, mara 240 na zaidi. Mahali ambapo umeme hukatika jioni, jambo hili ni zito kuliko niti 3,000.

Anayepanda Kilimanjaro

Huyu ana mahitaji yake. Njia ya Machame huchukua siku 6 au 7, kambini hakuna soketi, na safari ya kileleni, mita 5,895, huanza karibu saa sita usiku katika baridi kali. Ukirekodi kila siku saa 6 na siku ya kilele saa 14, unahitaji saa 44 hadi 50 za GPS. Suunto Vertical, MIP ya inchi 1.4, hutoa saa 60 kwa GPS yake sahihi kabisa, bila kuhesabu jua. Garmin Enduro 3 hutoa 120, kwa dola 899.99. Usilipie paneli ya jua kwa ajili ya mlima huu: ahadi za Garmin huhesabu saa 3 kwa siku katika laksi 50,000, na wewe saa yako iko chini ya mkono wa koti. Chagua yenye vitufe, maana glovu haigusi kioo. Betri ya lithiamu hunywea kwenye baridi, kwa hiyo ivae chini ya koti na ulale nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Ukibeba pawabenki, ijaribu nyumbani kwanza: saa huvuta umeme kidogo mno, na pawabenki nyingi hudhani hakuna kitu kilichochomekwa, zikajizima baada ya dakika chache. Tafuta yenye hali ya chaji ndogo.

Ukiwa dukani

Kioo cha safaya, kigumu kuliko kile cha kawaida, hakichuniki kirahisi, lakini huakisi takriban asilimia 8 ya mwanga kwenye uso wake, mara mbili ya kioo cha kawaida. Kwenye MIP tofauti hiyo inaonekana: weusi unakuwa kijivu. Kwa anayekimbia barabarani, kioo cha kawaida kinatosha na ni nafuu. Kama unavaa miwani ya jua yenye polaraizi (kichujio kinachopunguza mng'ao), nenda nayo, uizungushe saa polepole mbele ya macho. Baadhi ya vioo hugeuka giza kwenye pembe fulani, na ikiwa pembe hiyo ndiyo ya mkono wako ukikimbia, iache.

Kuna saa nyingi sokoni zenye umbo la Ultra kwa bei ya chakula cha wiki, na nyingi hazina GPS. Huazima ya simu. Kipimo chake ni rahisi. Acha simu dukani ikiwa imezimwa Bluetooth, toka nje penye anga wazi, anzisha mbio, subiri hadi dakika tatu ishike satelaiti, kisha tembea mita 200 zinazojulikana. Isipoandika umbali, au ikikuandikia umbali wakati umesimama unatikisa mkono, si saa ya mazoezi.

Baada ya kuinunua

Weka kioo kiwake muda wote wakati wa mazoezi tu, na muda uliobaki kizime. Saa 5 za kuwaka kwa wiki hazikuumizi. Zilizobaki 163 ndizo zinazomaliza betri. Kwenye AMOLED chagua uso mweusi wenye namba nyeupe. Panga visanduku vitatu kwa ukurasa: mwendo, umbali, mapigo. Sita kwenye kioo cha inchi 1.2 havisomeki kwa nusu sekunde, hata kiwe kioo cha namna gani. Zima kipimo cha oksijeni cha usiku kucha kama hukihitaji, kwani hula chaji nyingi. Baada ya mazoezi suuza saa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uikaushe, ndipo uichomeke. Chumvi ya jasho ikikutana na umeme hula zile pini za kuchajia, na zikishaoza saa nzima inabaki pambo.