CZ 550 ya .308 kwa nguruwe pori, kwa wenye mashamba West Kili na Monduli

Wakuu salama. Kila mwaka mahindi yakianza kubeba maswali ni yale yale, ninunue bunduki gani ya nguruwe pori, na majibu nayo yale yale, mmoja anasema .375, mwingine shotgani, wa tatu ametoka kuangalia video za Texas anataka AR, ile semi-otomatiki ya Kimarekani inayojikoki yenyewe, na darubini ya joto. Mimi natumia raifo ya CZ 550 kaliba .308 kwenye ranchi moja upande wa West Kilimanjaro, tuna ng'ombe, kondoo na heka kadhaa za mahindi na shayiri, nyumbani ni Arusha ila muda mwingi nalala huko huko. Kwa kazi hii hiyo .308 inatosha kabisa, na nitasema kwa nini.

Tuwamalize kwanza wa Texas. Kule nguruwe ni wa kuletwa, Wahispania walikuja nao miaka ya 1500, De Soto alishuka nao Florida 1539, wengine wakapotelea porini wakazaana mpaka leo Marekani wanakadiriwa kupita milioni sita na serikali yenyewe inataka wapungue. Tangu 2019 Texas ukiwa kwenye ardhi ya mtu kwa ruhusa yake huhitaji hata leseni ya uwindaji kwa nguruwe, watu wanapiga usiku, wanapiga kutoka kwenye helikopta, kwahiyo AR ya .223 yenye magazini ndefu kwao ina maana. Huku nguruwe pori ni mwenyeji, ana Sheria ya Wanyamapori ya 2009 nyuma yake, kuwinda usiku hapana, semi-otomatiki hapana, na hata ukimkuta amelala katikati ya mahindi yako unaanzia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Kibali cha silaha ni sheria nyingine ya 2015, unaanzia serikali ya kijiji au mtaa unapanda nayo mpaka juu, safari hiyo wengi mnaijua sitairudia.

Maana yake kazi yako wewe ni alfajiri au jioni, kuna mwanga kidogo, risasi moja, au mbili ukiwa na bahati, mita 50 mpaka 150 hivi. Hapo raifo ya kukoki kwa mkono inatosha.

Sasa kaliba. .223 ya greni 55 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa, kile kipande kinachoruka) kichwa chake ni gramu tatu na nusu tu na inatoka na nguvu ya joule kama 1,700. Ngiri mdogo sawa, lakini dume la nguruwe pori lina mabega mazito, ukikosea kidogo linaondoka na jeraha linaingia kichakani, na kesho yake anayepita hapo ni mtoto wa watu anachunga. Upande wa pili kuna .375 H&H, greni 300, zaidi ya joule 5,700, hiyo ni ya nyati jamani, risasi bei mbaya na inakupiga bega mpaka ukishika triga unafumba macho kabla haijalia. Nimeona walinzi wawili watatu wenye .375 wakipiga udongo mbele ya nguruwe aliyesimama wima anawatazama, siyo kwamba hawajui kulenga, wanaogopa bunduki.

.308 iko katikati, greni 150 kwa mita 860 hivi kwa sekunde, joule 3,500 na kitu, na mtu wa kawaida anaweza kufanya nayo mazoezi bila kuchukia maisha. Ukiwa na .30-06 ya mzee usiiuze, kichwa ni kile kile, ganda tu ndo refu, milimita 63 dhidi ya 51, nguruwe hatajua tofauti. Na kama kuna babu mahali ana 9.3x62 hiyo ni heshima, Mjerumani Otto Bock aliitengeneza 1905 kwa ajili ya walowezi wa Afrika na mpaka leo inaangusha kila kitu, shida ni kuipata risasi yake.

Angalieni na risasi yenyewe. Kuna jamaa atakwambia 7.62 ni 7.62, muogope huyo. Ya AK ganda lake ni milimita 39, ya .308 ni 51, haziingiliani. Halafu zile za kijeshi zilizofunikwa ncha nzima zinatoboa zinapita, nguruwe anakimbia kama hajaguswa na risasi inaendelea na safari yake. Nunua za ncha laini, greni 150 au 165, ukiitazama unaona ile metali laini nyeusi ya ndani imechungulia kidogo mbele ya shaba, hiyo inafunguka ndani.

Na hiyo safari ya risasi ndo kitu watu hawakizungumzi. .308 ikipaa inafika kilometa tatu na zaidi. Kwetu huku kuna boma, kuna wachungaji, kuna tembo wa Enduimet, lile eneo la hifadhi la vijiji, wanaokatiza wanavyotaka, kwahiyo usipige nguruwe aliyesimama juu ya mgongo wa kilima nyuma yake anga tupu. Mimi napanda kichuguu, napiga kuelekea chini, ardhi ndo inapokea. Nguruwe akiwa amebanana na wenzake naacha, asubuhi iko nyingine.

Shotgani? Kwa goroli kubwa mpaka mita 35 sawa, zaidi ya hapo unajeruhi tu. Ipo poa kwa kuingia kichakani kumfuata aliyejeruhiwa na basi.

Raifo yenyewe. CZ 550 ni ukoo wa Mauser, ina ile kucha kubwa inayolikamata ganda tangu linatoka kwenye magazini, na kwa vumbi la West Kili, lile jepesi la majivu linaloingia mpaka kwenye soksi, sijaona ikigoma. Kilo tatu na ushee, ukitembea nayo siku nzima hailalamiki sana. Triga yake ukiisukuma mbele inakuwa laini kupita kiasi, ukipumua imelia, mimi hiyo siigusi na nimewakataza vijana wasiiguse. Kinachoudhi ni pete za darubini, mgongo wake una mfereji wake wenyewe wa milimita 19, pete za kawaida za Weaver hazikai. Duka moja mjini walinihakikishia zinaingia zote, zikakaa kwa kuegemea, mwezi haukuisha darubini inacheza. Na CZ 550 haitengenezwi tena, kwahiyo ukikuta pete zake chukua. Nusu nyota nimeikata hapo, naipa nne na nusu.

Wenye raifo za Brno za zamani, zile ZKK 602, nyingi sefti yake ni kinyume, ukiivuta nyuma ndo inakuwa tayari kufyatua. Ukimwazima mtu mwonyeshe kwanza, tena bila risasi ndani.

Darubini usiingie gharama, ya 3-9x40, inayokuza mara 3 mpaka 9, tosha, iache kwenye 3 maana nguruwe hasubiri. Rekebisha ipige sentimita 4 juu kwenye mita 100, mpaka 170 hivi hupigi hesabu yoyote. Na usilenge kama unalenga swala, mapafu ya nguruwe yako mbele na chini, fuata mguu wa mbele kwa nyuma yake ukipanda nao mpaka theluthi ya chini ya mwili, ukipiga katikati ya tumbo utamtafuta mpaka jioni.

Mwisho kwa wanaofuga, najua Moshi mna mdudu, yaani nguruwe, kila nyumba ya pili. Nguruwe pori na ngiri wanabeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuumwa, nguruwe wa kufugwa akiipata anakufa na chanjo ya kumwokoa mtaani hamna. Hata kama kibali kimekuruhusu nyama, usimpasulie nyumbani, makombo yasifike bandani, viatu na kisu osha kwa dawa kabla hujakaribia banda, na nyama ipikwe ikauke, mambo ya kuchoma nusu nusu acha.