TAHADHARI: Fundi wa kufunga injini kwenye baiskeli hapa Tabora, msimpe hata mia

Mwangaluka wadau. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta, aibu na hasira vinashindana, ila bora mnicheke kuliko yule bwana ale hela ya mtu mwingine. Jina silitaji, suala lipo polisi na nimeambiwa nisiandike jina lake popote, lakini mkimsikia anavyoongea mtamjua tu. Ni yule anayefunga injini kwenye baiskeli, anazunguka Ng'ambo, Isevya, Cheyo, leo huku kesho kule, begi la spana mgongoni, kijiwe hana.

Goti langu linauma, ndio maana safari za kwenda Ndevelwa zilinishinda. Na nina baiskeli ya Phoenix aliyoniachia marehemu mzee. Pikipiki siiwezi kwa sasa, ndio nikasema basi niifunge injini, zile ndogo za Kichina za kuchanganya petroli na oili, inakaa katikati ya fremu, ina cheni yake upande wa kushoto mpaka gurudumu la nyuma, na pedeli zako zinabaki palepale. Tukakubaliana laki tano bila kumi, injini na ufundi humohumo, 80cc mpya ya kwenye boksi. Laki tatu nikamtumia kwa simu, iliyobaki nimpe akikabidhi. Akaondoka na baiskeli.

Sasa siku ya kukabidhi, hapa ndipo damu inachemka. Kaja jioni, muungurumo tunausikia toka barabarani, watoto wa mtaa mzima wako nyuma yake wanapiga kelele. Kazima mlangoni. Nikagusa silinda nikatoa mkono haraka, ya moto, akacheka, "mkubwa hiyo nimetoka nayo Ipuli bila kupumzika, hiyo ndio mashine". Akatoa plagi, akaniambia weka dole gumba hapo kwenye tundu, ziba kabisa. Nikaziba. Akainua nyuma, akazungusha gurudumu kwa mkono klachi ikiwa imeachiwa, pumzi ikanisukuma dole ikatoa sauti, pwa! Akazungusha tena, pwa! Bimkubwa, mama yangu, naye akaitwa aje aweke kidole, akaweka, pwa, akacheka mpaka akakaa chini. Dole langu likatoka na oili nzito nyeusi, nikafuta kwenye suruali (mpaka leo haijatoka), nikamuuliza fundi mbona oili nyingi hivi? Hakusita hata kidogo, akasema injini mpya lazima inywe oili nyingi, lita moja ya petroli unaweka oili kama mililita 60 mpaka izoee, ukibania unaiua.

Na hilo ni kweli jamani! Maelekezo ya hizi injini ndio yanasema hivyo, mwanzoni sehemu 16 za petroli kwa 1 ya oili, baadaye ndio unapunguza oili. Ndio maana nasema huyu ni hatari, uongo wake kaufunika na ukweli, utampingaje?

Nikapanda. Nikakanyaga kidogo, nikaachia klachi, ikashika palepale, nikaenda mpaka kule kwenye miembe nikageuza, upepo usoni, goti halijaniuma hata kidogo. Nimerudi nikahesabu laki na tisini yake noti kwa noti, tena nikataka kumuongezea ya nauli AKAKATAA. Akasema wewe ni ndugu yangu.

Kabla hamjaanza na "ungeuliza kwanza", niliuliza. Alinielekezea mtu wa hapahapa ambaye yake inatembea mpaka leo. Halafu kazi anaijua, hawezi kusema mtu kwamba haijui, alinieleza namna ya kulaza kabureta ikae sawa, cheni isikune tairi, waya wa kuzimia unaenda wapi, vitu ambavyo tapeli wa kawaida asingevijua. Alivua viatu mlangoni, akala ugali na sisi, akaswali Alasiri na sisi msikitini mstari wa mbele. Nani kati yenu angemdai risiti mtu wa hivyo? Semeni ukweli.

Kesho yake asubuhi nataka kwenda shamba. Injini imepoa. Nashika klachi, nakanyaga, naachia klachi, hola. Injini iliyo nzima ukiachia klachi unaisikia inakukamata miguu, hii inazunguka laini tu kama kisu kwenye siagi. Mpaka kijana wa jirani anisukume ndio ikawaka, moshi mtaa mzima, halafu haina nguvu, kale kamwinuko kadogo ka kutokea kwetu nimekapanda nakanyaga. Nikampigia, "itazoea mkubwa, ipe muda". Nikaipa. Nimetoka nje ya mji, barabara ya vumbi, nasikia nyuma kle kle kle, kabla sijafanya lolote gurudumu la nyuma likajifunga, baiskeli ikalala ubavu na mimi chini yake. Wamama waliokuwa na ndoo wakanitoa. Namshukuru Mungu hapakuwa na fuso nyuma yangu.

Shemeji ndio kaifungua, yeye pikipiki ndio maisha yake. Kwanza kule nyuma. Sproketi ya hizi injini inabanwa kwenye spoku na raba mbili nene, moja ndani moja nje, na bolti tisa. Raba zilizokuwa pale ni NDALA. Kakata ndala! Ya bluu, bado ina ile mistari ya unyayo. Imelika, bolti zimelegea, sproketi ikacheza, spoku zikakatika, cheni ikaingia kwenye gurudumu. Angeniua kwa ndala.

Akaja kwenye injini. Rangi ya fedha imepakwa juu ya kutu mpaka juu ya vichwa vya nati, yaani nati zimefungwa kwanza ndio zikapakwa. Gasketi ya kichwa imekatwa kwa kopo la soda. Silinda ndani ina mikwaruzo unaisikia kwa kucha, ringi ya pistoni moja imevunjika kipande. Kupima, pistoni ina upana wa milimita 47, mwendo wake wa juu na chini 38, piga hesabu inakuja cc 66. Hilo la kuziita 80 wanafanya wauzaji wengi hata nje huko, sio yeye peke yake, sawa, ila mimi kaniongezea hela kwa ajili ya hiyo 80!

Lakini hapa ndio nililia. Shemeji alivyoondoa ile ringi iliyovunjika akarudisha silinda na kichwa na kufunga vizuri, kasema weka dole. Injini ya baridi, kavu. Gurudumu linazungushwa, hakuna pumzi, kidole kimekaa tu. Akachota oili kijiko kimoja akamimina kwenye tundu la plagi, akazungusha, pwa! Pumzi imerudi. Oili inaziba pale ringi zilipolika, kwa muda, ikiungua basi. Kwa hiyo ile jioni yote, kidole changu, kidole cha mama yangu mzazi, ilikuwa mchezo wa kijiko cha oili chafu ya gari.

Na sijamaliza. Rimu zile sio za mzee. Zile za mzee zilikuwa nzito, hizi nyepesi zimepinda, kabadilisha akiwa nayo huko. Na breki kaacha zilezile za vyuma, kwenye baiskeli ya injini! Mtu wa hivi afungwe. Anyang'anywe spana zote mbele ya watu sokoni, arudishe hela ya kila mtu, halafu apewe hiyohiyo baiskeli yake ya ndala ashuke nayo mteremko. Sisemi achomwe, mnisome vizuri, asiguswe na mtu, polisi wapo na RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo, kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jela. Ila afungwe kweli, sio wiki moja kisha tunakutana naye Ng'ambo anacheka.

Ah, dalili za kumtambua. Anakuja na injini ya moto kila mara, mwambieni ailaze kwenu ipoe muiwashe asubuhi ndio mlipe, atakwambia ana haraka. Boksi haonyeshi. Namba ya simu ilisoma jina la mwanamke, akasema ni mke wake. Rangi kwenye nati. Oili nyeusi, ya hizi injini haiwi nyeusi ile. Zingine nikikumbuka nitaongeza, kichwa kimejaa.

Mmoja wa Kiloleni keshanitafuta, yake ina ndala nyekundu. Mpelelezi anasema tukijitokeza wengi kesi inakuwa nzito, kwa hiyo mliolipa njooni na meseji zenu za muamala, msizifute. Na kama kuna mtu sasa hivi baiskeli yake iko kwa huyo fundi inafungwa injini, kaichukue leo, angalia rimu kwanza, na ukimkuta nipigie hata saa nane za usiku.