Mbwa au paka: yupi anafaa zaidi kwa afya yako?

Kwa mazoezi, mbwa anashinda. Ukimtembeza kila siku, nawe unatembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ila mbwa anakula sana.

Paka ana gharama ndogo, na kumpapasa jioni hutuliza moyo kweli. Lakini mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, kwa hofu ya toksoplasmosisi (ugonjwa wa vimelea unaoweza kumdhuru mtoto tumboni), na mwenye pumu aonane na daktari kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima kwa wote wawili, tafadhali, hata paka.

Mwenye presha na uwanja wa kutosha, afuge mbwa. Anayeishi chumba cha kupanga, au mzee asiyeweza kuvutana na kamba, paka atamfaa.