Asali, stevia au vidonge? Kilichobaki jikoni kwangu

Mimi ni mnywaji wa chai ya maziwa, iliyokolea tangawizi na hiliki, na daktari ameniambia sukari yangu ya asubuhi imeanza kupanda. Kisukari kwetu kipo pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, kwa hiyo sikusubiri kuambiwa mara ya pili. Nilichokuwa natafuta ni kitu cha kutia kwenye kikombe kisichopandisha sukari ya damu wala kuniharibia chai.

Nianze na asali, kwa sababu kila unayemweleza habari hizi atakwambia, "Tumia asali, ile ni ya asili." Asali ya Tabora naipenda, hasa ile nyeusi yenye kaharufu ka moshi. Lakini karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kijiko kimoja cha mezani kina takriban gramu 17 za sukari, yaani kama vijiko vinne vya chai vya sukari ya dukani. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa 2015 liliiweka asali kundi moja na sukari ya mezani: zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ziwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na tayari umegota hapo. Sukari guru nayo ni hivyo hivyo, rangi ya kahawia isikudanganye. Kwa kazi niliyoitaka, asali siipi hata alama moja. Kwa chapati za maji, ni habari nyingine.

Stevia ilinipa matumaini zaidi. Ni mmea wenye asili ya Paraguay, siku hizi unalimwa hata Kericho kwa majirani zetu, na viambata vya majani yake vina utamu mara 200 hadi 300 ya sukari. Hapo ndipo penye kasheshe. Kwa kuwa kinachohitajika ni kidogo mno, zile pakiti ndogo za unga lazima zijazwe na kitu kingine. Geuza boksi usome maandishi madogo: nililonunua mimi mbele liliandikwa stevia na picha ya jani, nyuma kiungo cha kwanza kilikuwa maltodekstrini, wanga unaogeuka glukozi haraka tumboni. Kwa pakiti moja ni kidogo, sawa, lakini mimi sikulipa bei ile ninunue wanga. Aina nyingine hujazwa eritritoli, kitia utamu kingine, inayoacha ubaridi mdomoni kama pipi ya mnanaa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2023 ulikuta watu wenye eritritoli nyingi kwenye damu wakipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Haukuthibitisha kwamba ndiyo chanzo, na mwili wenyewe hutengeneza kiasi kidogo, ila mimi nimeipisha.

Stevia ya matone ni bora kuliko ya unga. Kwenye juisi ya ukwaju au choya huoni kasoro, uchachu unafunika kila kitu. Chai ya rangi yenye limau inaikubali pia. Chai ya maziwa inaikataa kabisa: ukishameza, kuna uchungu unabaki nyuma ya ulimi mpaka unatafuta maji.

Vya mwisho ni vidonge vya sukralosi, ambavyo ni bandia bila ubishi. Hutengenezwa kutokana na sukari yenyewe, ambapo sehemu tatu za molekuli yake hubadilishwa na klorini, na utamu unafika kama mara 600. Klorini inawatisha wengi. Mbona chumvi ya mezani nayo inayo? Kwenye chai ya maziwa ndivyo vilivyoshinda. Mama mkwe alikunywa kikombe kizima akaniuliza, "Mwanangu, umerudia sukari?"

Swali linalofuata huwa ni la kansa. Iliyotangazwa Julai 2023 kuwa "huenda" ikasababisha saratani ni aspatemu, kitu kingine, kinachopatikana zaidi kwenye soda zisizo na sukari. Na wataalamu waliopima kiwango salama waliacha kikomo pale pale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji zaidi ya makopo 9 hadi 14 ya soda hiyo kwa siku ili akipite.

Kilichonigusa zaidi ni mwongozo wa WHO wa Mei mwaka huo huo, ambao haukuzungumzwa sana mitaani. Unashauri vitu hivi visitumike kudhibiti uzito, na stevia imo humo humo pamoja na sukralosi na aspatemu. Asili haikupewa msamaha. Mwongozo hauwahusu waliokwisha kuwa na kisukari, lakini mimi bado sijafika huko, kwa hiyo unanihusu. Ndiyo maana nilitoka vidonge viwili kwa kikombe hadi kimoja, na chai ya jioni siku hizi nainywa bila kitia utamu chochote. Tangawizi ikiwa ya kutosha, inapita.

Maandazi msijaribu. Sukari ndiyo inayosaidia kuyapa rangi ile ya kahawia kwenye mafuta. Ya stevia yalitoka meupe, watoto wakayaangalia tu. Na sukralosi siipeleki kwenye moto mkali, kwani taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula ilitahadharisha 2019 kwamba ikipita nyuzi 120 inaweza kutoa kemikali zisizotakiwa. Maandazi yangu yana sukari ya kawaida, nusu ya ile ya zamani, na nazi nzito.