Arena ya Star Trek: nilianza kwa kucheka kenge wa mpira

Jana umeme umerudi usiku, nikasema ngoja nicheki episodi moja tu ya ile Star Trek ya zamani, tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani, nilale, nikaangukia Arena, sizoni ya kwanza, ilirushwa Januari 1967. Mdogo wangu alikuwa pembeni na andazi lake, na yeye ndo kaharibu usingizi wangu kwa kucheka.

Stori iko hivi. Kapteni Kirk wa meli ya angani na wenzake wanaitwa kituo kimoja sayari ya Cestus III, wanafika wanakuta pamesambaratishwa, kumbe ule wito ulikuwa mtego. Kirk kapandwa na hasira anamkimbiza adui angani ili amlipue, msaidizi wake Spock anajaribu kumtuliza wapi. Ghafla viumbe wanaoitwa Metron wanazizima meli zote mbili, wanawachukua makapteni wawili wanawatupa kwenye kasayari wamalizane wenyewe, atakayeshindwa meli yake inapotea na watu wake wote.

Sasa huyo adui, Gorn! Ni mtu kavaa suti ya mpira, kenge mzima kasimama kwa miguu miwili, macho yanameta kama ya nzi, na kavalishwa kigauni. Anapigana taratibu utadhani anatembea ndani ya maji ya kiunoni, ngumi inakuja we unaweza ukaenda jikoni ukarudi bado haijafika 😂 Kuna jiwe anamrushia Kirk, kubwa kama friji, unaona kabisa ni povu lile. Mbavu sina.

Ila nyie, yule kenge akaongea. Wana kile kidude cha kutafsiri, akasema nyie ndo mlivamia eneo letu, mkajenga kituo kwetu. Mdogo wangu akaacha kutafuna. Maana tangu mwanzo tuko upande wa steringi, hakuna aliyejiuliza kile kituo kimejengwa kwenye ardhi ya nani.

Halafu Kirk anaokota salfa, makaa na shura, anasaga baruti, anashindilia kwenye mwanzi na almasi zikiwa ndo risasi. Jamaa wa MythBusters, kile kipindi cha TV cha kujaribu kama mambo ya kwenye filamu yanawezekana, walishaijaribu hiyo, mwanzi ukapasuka, kwa hiyo msiige nyumbani. Gorn anaanguka, Kirk anamwekea kisu cha jiwe shingoni, na hapo ndo anakataa kuua, anasema labda na wao walikuwa wanajilinda tu. Yule Metron anajitokeza mwishoni, kitoto hivi cha sura, kumbe kana miaka kama 1,500, kanampongeza. Hiyo sehemu mi naona imezidi, mtu mwenyewe kashaelewa, mnamhubiria ya nini.

Dakika za mwanzo za makombora usiruke, ni kali kweli. Nampa nane kwa kumi, mbili nimekata kwa ajili ya lile jiwe la povu.