Hadubini ya shilingi 6,500: kitunguu safi, slaidi vurugu

Shuleni kwa binti yangu, kidato cha pili, wanafunzi wanane hupigania hadubini moja. Nikapanda matatu hadi mjini nikamnunulia yake, pamoja na kisanduku cha slaidi 12 zilizotayarishwa.

Kwa kitunguu ni raha tupu. Chuna ule utando mwembamba wa ndani, utandaze, tia tone la iodini, funika. Ukikuza mara 100, seli zimejipanga kama matofali, kila moja na kiini chake cha rangi ya kahawia. Mama yake akauliza kijani kiko wapi. Hakipo, kitunguu hukaa gizani, kloroplasti, zile chembe za kijani zinazonasa mwanga, za nini? Upande wa chini wa jani la sukuma wiki ndio ulionyesha stomata, vitundu vya kupitishia hewa, kama midomo midogo iliyoachama. Mara 400 lakini ni ukungu mtupu, na skrubu ya kulengea inateleza.

Vurugu ni zile slaidi. Iliyoandikwa “shina la mahindi” ilikuwa na mafungu ya mishipa yaliyojipanga duara, katikati tishu laini tupu.

“Baba, hii si mahindi,” binti akasema. “Ya mahindi hutawanyika.”

Nikabisha, maana nilishalipa. Tukaomba bua bichi kwa jirani anayelima kando ya reli, tukakata kwa wembe kipande chembamba cha kupitisha mwanga (cha tano ndicho kilichofaa). Mafungu yametapakaa shina zima, mengi zaidi karibu na ganda, na kila fungu ni kama kijiuso: mirija miwili mikubwa ya zailemu, inayopandisha maji, ndiyo macho, na floemu, inayosafirisha chakula, iko juu yake kama paji. Kisha mche wa maharagwe tuliouotesha kikombeni tukausimamisha usiku kucha kwenye maji yenye rangi nyekundu ya keki. Asubuhi tukaukata: vidoa vyekundu kwa duara. Ni zailemu tu iliyoshika rangi, kwa kuwa ndiyo mirija ya maji, seli zilizokufa zikabaki kuta. Duara lile lile la slaidi ya “mahindi”.

Nilirudi dukani. Kijana hakuitazama hata slaidi. “Mzee, zote ni mimea.”

Hadubini naipa nyota tatu, slaidi moja. Binti ameshabandua lebo anaandika zake, amefika ya saba.