Kisanduku cha API cha kupimia maji, kwa wafugaji wa aksolotli

API Freshwater Master, kisanduku cha kampuni ya API, hupima pH (kiwango cha asidi), pamoja na amonia, nitriti na nitrati, yaani uchafu utokanao na kinyesi na mabaki ya chakula. Kwa salamanda huyu wa Xochimilco, Meksiko, kina thamani kuliko pambo lolote la tangi: matamvua yake yako nje ya kichwa, na amonia huyaunguza bila kizuizi.

Amonia ni rahisi. Maji mililita 5, matone 8 ya chupa ya kwanza, 8 ya pili, tikisa, subiri dakika 5. Njano ni sifuri. Ukiona ukijani, badilisha sehemu ya maji siku hiyo hiyo. Shika chupa wima, ukiiinamisha matone hayalingani.

Nitrati ndiyo huwapotosha watu. Kemikali ya chupa ya pili hutuama chini. Usipoitikisa kwa nguvu sekunde 30, kisha neli dakika nzima baada ya kutia matone 10, utasoma namba ndogo ya uongo na kujipongeza bure. Baki chini ya 20 ppm (miligramu kwa lita).

Upungufu: hakipimi ugumu wa maji (wingi wa madini yaliyomo), ilhali aksolotli hupenda maji magumu kiasi. Kipimajoto pia hakimo. Kinunue kando, lenga nyuzi joto 16 hadi 18 za Selsiasi.